Meli ya mizigo haiwi manowari kwa usiku mmoja

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka Uyole, Mbeya. Mimi ni msomaji wenu wa miaka mingi na tangu mlipoanza kutoa ile hadithi ya Jumamosi ya vita vya anga za mbali sijakosa hata sehemu moja, nikisafiri namwachia kijana wangu hela aninunulie aniwekee. Leo naandika kwa sababu ya sehemu iliyotoka juzi, ile ambayo meli tatu za mizigo za koloni zinachukuliwa jioni, zinafungwa mizinga usiku, asubuhi zinatoka kusindikiza msafara na zinazipiga manowari tatu za adui mpaka zinakimbia. Nimeisoma mara tatu. Iliniuma kiukweli. Hadithi ni nzuri na nataka iendelee, ila mimi kazi yangu ndo hiyo ya kubadilisha vyombo vya watu, na ule usiku mmoja ambao mwandishi kaupita kwa mistari miwili ndo ulikuwa na hadithi yenyewe.

Nijitambulishe kidogo. Mimi ni fundi bodi. Mtu analeta Fuso lililokuwa linabeba viazi kutoka Isyonje anataka liwe la kubeba maji, sasa watu wanafikiri kazi ni kuchomelea tangi juu ya chasisi tu jioni umemaliza. Maji yana uzito, lita elfu kumi ni tani kumi, alafu hayatulii, ukikata kona yanakwenda upande, ukishika breki yanakuja mbele yote kwa pamoja yanasukuma gari, kwaiyo lazima ndani ya tangi uweke kuta zenye matundu za kuyavunja nguvu, uangalie springi, uangalie breki, uangalie tangi limekaa wapi kwenye chasisi. Mwaka mmoja nilikosea mimi mwenyewe, tangi nikaliweka nyuma kuliko inavyotakiwa, dereva wakati anapandisha Iwambi kurudi mjini usukani ukawa mwepesi kabisa, matairi ya mbele hayashiki barabara. Alifika mzima namshukuru Mungu mpaka leo. Tukalikata lile tangi tukaanza upya, wiki tatu nyingine. Na lile lilikuwa tangi la maji, halipigi risasi na hakuna anayelipiga.

Kabla ya hapo nilifanya miaka minne chumba cha injini kwenye meli ya abiria na mizigo pale Itungi, Kyela, tunabeba mchele, dagaa, watu na mbuzi wao mpaka Mbamba Bay na kurudi. Kwaiyo nikisoma kwamba meli ya mizigo imefanywa ya vita naiona kabisa kichwani. Chukua zile meli zetu za mizigo za Ziwa Nyasa, Ruvuma na Njombe, kila moja inabeba tani 1,000. Sema leo imetokea vita unataka moja iwe ya kusindikiza wenzake. Mzinga utauweka wapi? Ukipiga unarudi nyuma kwa nguvu na ile sitaha ilitengenezwa kukanyagwa na makuli na kubeba magunia. Inabidi uanze chini, uweke nguzo na mabati mazito ndani ya tumbo la meli, ndo upande juu kuweka mzinga. Alafu risasi zake zinakaa wapi na zinapandaje, kwenye manowari kuna lifti yake kabisa, kwenye meli ya mizigo watu wanabeba mikononi kupitia ngazi ya baharia mmoja mmoja. Alafu uzito umeuweka juu, meli inaanza kulala upande kwenye mawimbi. Alafu umeme, jenereta iliyowekwa kwa ajili ya taa na pampu na winchi utaiambia iendeshe rada usiku kucha, haiwezi, unatafuta jenereta nyingine na mafuta yake na bomba la moshi wake na mtu wa kuiangalia.

Na tumbo lenyewe. Manowari imegawanywa vyumba vidogo vidogo, ikitobolewa maji yanajaa chumba kimoja inaendelea. Meli ya mizigo tumbo ni ukumbi, tundu moja na maji yote yanaingia. Waingereza kwenye Vita ya Pili walizijaza meli za namna hii mapipa matupu tumboni ili zikitobolewa zielee mda kidogo zaidi. Mapipa matupu, Mhariri! Hiyo ndo ilikuwa kinga yao. Kwenye hadithi ya angani ni shida hiyohiyo ila badala ya maji kuingia hewa inatoka, na sijaona hata mstari mmoja ukisema zile meli tatu ziligawanywa ndani au watu walivaa nini.

Sasa mnisikilize kuhusu meli moja ya kweli, Jervis Bay. Ilijengwa 1922 ikawa inapeleka wahamiaji kutoka Uingereza kwenda Australia. Vita ilipoanza 1939 ikachukuliwa ikafungwa mizinga 7 ya milimita 152, mizinga ya zamani sana, mingine ilikuwa na umri mkubwa kuliko meli yenyewe. Mwaka uliofuata ikapewa kusindikiza msafara kutoka Halifax, Canada, kwenda Uingereza, meli karibu 40 zimebeba chakula na mafuta na vyuma, na msindikizaji ni yeye peke yake. Tarehe 5 Novemba 1940 jioni ikatokea manowari ya Wajerumani, Admiral Scheer, ina mizinga sita ya milimita 280 inayofika mbali kuliko ya Jervis Bay, ina unene wa chuma, ina kila kitu. Nahodha wa Jervis Bay, Edward Fegen, alijua kabisa hawezi. Akaamuru msafara utawanyike kila meli ishike njia yake ndani ya moshi na giza linaloingia, alafu yeye akageuza meli akaenda moja kwa moja kwa adui. Mizinga yake haikumfikia hata. Meli ikawaka, Fegen akafa, wengi wakafa naye, waliookoka ni 65, na waliokolewa na meli ya mizigo ya Sweden inaitwa Stureholm ambayo ilikuwa imeshakimbia ikarudi usiku kuwatafuta. Ila ule mda ambao Scheer aliutumia kumpiga mtu mmoja, giza likaingia, na zaidi ya meli 30 zikafika.

Nimeshakaa na habari hiyo miaka mingi, niliisoma kwanza kwenye kijarida cha zamani pale Itungi, na kila nikiifikiria naona kuwa Jervis Bay ilifanya kazi yake yote. Ilipigwa ikazama na ilifanya kazi yake yote. Mwandishi wenu akiipa meli ya mizigo ushindi wa kumfukuza adui anafikiri anaipa heshima, mimi naona anainyang'anya, maana kama inaweza kupiga manowari tatu kwa mara moja basi hata manowari za nini, koloni ingejenga meli za mizigo tu ikae kwa amani. Mpeni yule nahodha mama wa hadithi yenu, ambaye mimi nampenda sana, mpeni nafasi ya kujua kwamba hawezi alafu ageuze meli.

Nikija kwenye anga lenyewe, kijana wangu wa fizikia form six amenisaidia hapa, tumebishana siku nzima kwenye gereji. Angani hakuna barabara wala hewa wala maji ya kukushika, ukishapata mwendo unaenda nao mpaka uchome mafuta tena kujizuia. Kwaiyo meli ya kusindikiza ikiacha msafara kumfukuza adui kama ilivyofanya kwenye sehemu ya juzi, itachoma mafuta kuondoka, itachoma kusimama, itachoma kurudi, itachoma tena kuufikia msafara ambao wenyewe haukusimama kumsubiri. Mpaka hapo tangi limekauka, na msafara huko mbele hauna mtu. Msindikizaji kazi yake ni kukaa na anaowasindikiza. Polisi anayesindikiza mabasi usiku akimfukuza kila mwizi anayemwona porini mabasi yanabaki na nani?

Kitu kingine, mzinga. Ukiufunga ubavuni kila ukipiga meli nzima inaanza kuzunguka, kwa sababu hakuna kinachoishika. Yale makosa yangu ya tangi la Iwambi angani yanakuwa makubwa mara mia, uzito ukikaa pembeni ya mstari wa injini, ukiwasha injini tu meli inapinda yenyewe. Mafundi wa ile bandari ya angani wangepaswa kuwa wanapima uzito na kuhamisha vitu usiku kucha, wanafunga mzinga kulia wanaweka kitu cha uzito uleule kushoto, na hiyo ndo picha nzuri ya kuandika, watu na mahesabu na jasho.

Na joto! Hapa ndo mwandishi kapasahau kabisa. Gari lina rejeta na feni, hewa inapita inachukua joto. Angani hewa hakuna, joto linatoka kwa njia moja tu, ile ya kaa la moto linavyokuchoma uso ukiwa umelisogelea bila kuligusa. Kwaiyo rejeta za meli ya angani inabidi ziwe mabawa mapana makubwa yamenyooshwa nje, na meli ya mizigo ilipewa mabawa ya kutosha injini yake basi. Ukiongeza jenereta za silaha na silaha zenyewe joto linazidi, ama uongeze mabawa, na kila bawa ni kitu kikubwa laini ambacho adui atakipiga kwanza, ama upige mara chache upumzike upoe. Gari linalochemsha kwenye Kitonga kila dereva wa njia hii analijua, unaegesha pembeni unasubiri, huna ujanja. Sasa fikirini nahodha ambaye amepiga mara nne na rejeta zimefika mwisho na adui bado anakuja na inabidi asubiri. Mimi ningesoma sehemu hiyo nimesimama.

Lakini kuna faida moja ambayo mwandishi hajaitumia na inanisikitisha kwa sababu ni ya kweli. Semi lenye tani 30 likipanda Kitonga linatambaa, mtu anayetembea kwa mguu anakuwa karibu kulipita. Likishusha mzigo Tunduma likarudi tupu, injini ni ileile lakini ni gari lingine kabisa. Meli ya mizigo ina injini iliyotengenezwa kusukuma mzigo mkubwa, ukitoa mzigo tumboni inakuwa nyepesi na nguvu ni zilezile, inaweza kumshangaza adui kwa jinsi inavyoondoka. Ila ukiijaza vyuma vya kinga umeirudisha kwenye kutambaa. Hapo mafundi na nahodha lazima wagombane, mmoja anataka vyuma mwingine anataka wepesi, na wote wana hoja.

Pia mizinga sio lazima. Kwenye Vita ya Pili Waingereza walichukua meli za nafaka na za mafuta wakazijengea uwanja wa ndege juu, zikawa 19, ya kwanza ilianza kazi 1943, na ziliendelea kubeba ngano na mafuta tumboni kama kawaida huku juu zina ndege tatu au nne za kuwinda nyambizi. Meli ya nafaka inajisindikiza yenyewe na wenzake! Kabla yake ilikuwepo meli ya Wajerumani iliyokuwa inabeba ndizi, Hannover, Waingereza waliiteka 1940 wakaikata juu wakaifanya ya kubeba ndege, wakaiita Audacity. Haikuwa hata na banda la ndege, ndege zilikaa nje sitahani mvua na chumvi, mafundi wanazitengeneza usiku kwa tochi huku meli inayumba. Ilizamishwa Desemba 1941 lakini mda mfupi iliofanya kazi ilionyesha njia. Meli ya ndizi jamani, mtu wa Tukuyu anaelewa ninachosema. Tumbo kubwa la meli ya mizigo ya angani ni zuri kwa kubeba vyombo vidogo vingi visivyo na watu, vinatoka vinazunguka msafara vinaangalia, vinarudi kujaza mafuta. Hicho meli ya mizigo inaweza na inakiweza vizuri.

Ila asisahau kinga. Mwaka 1982 kwenye vita vya Falkland, Waingereza na Argentina, meli ya makontena ya Waingereza Atlantic Conveyor ilibadilishwa kwa siku chache ikabeba ndege na helikopta, lakini silaha za kujikinga haikuwekewa. Tarehe 25 Mei ikapigwa na makombora mawili, watu 12 wakafa akiwemo nahodha wake wa kiraia, na helikopta karibu zote zilizokuwa bado ndani zikaungua.

Nikisema kiraia ndo nafika kwenye jambo la watu, na hapa naomba mnivumilie. Oktoba 1978 Amini alipoingia Kagera serikali ilichukua magari ya kiraia, malori na mabasi, kupeleka jeshi na vitu vyake. Marehemu baba yangu alikuwa anaendesha Leyland ya kubeba mahindi kutoka Mbozi. Gari lilichukuliwa na dereva akaenda nalo, mimi nilikuwa na miaka saba, nakumbuka mama alimfungia kande kwenye kitambaa. Baba hakuwa mtu wa kusimulia vita. Alichokuwa anasimulia ni kuendesha. Alisema kitu kigumu kuliko vyote kilikuwa kutembea kwenye mstari usiku bila taa, difu ya gari la mbele, lile tumbo la chuma katikati ya ekseli ya nyuma, imepakwa rangi nyeupe, unaifuata hiyo difu nyeupe peke yake saa sita saa saba, usiisogelee ukaigonga, usiiache ikapotea, na wewe umezoea miaka yote kuendesha peke yako kwa mwendo wako na kusimama Makambako kula unapotaka. Alisema wiki za kwanza waligongana sana. Walikuwa madereva wazuri wa siku zote na ilibidi wafundishwe upya kama vijana.

Sasa meli tatu za hadithi yenu asubuhi tu zimeshakaa kwenye mpangilio zinageuka pamoja kama zimefanya mazoezi miaka kumi. Wale mabaharia jana yake walikuwa wanapakia mbegu na pampu za maji. Meli ya mizigo ina watu wachache, 20 au 30, manowari ina mamia, wale wa nyongeza walitoka wapi, wamelala wapi, nani anawapikia? Nani alimfundisha yule kijana wa winchi kulenga? Na zaidi ya hapo, nani aliwauliza? Baba hakuulizwa, na hakuwahi kulalamika, lakini mama aliwahi kuniambia kwamba usiku ule wa kuondoka alikaa ndani ya gari peke yake mda mrefu taa imezimwa kabla ya kuja kulala. Kama mwandishi anatafuta kitu cha kuweka kwenye ule usiku mmoja basi hicho nampa bure.

La mwisho. Wengi wanaijua Liemba ya Ziwa Tanganyika. Ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikaletwa vipandevipande mpaka Kigoma ikaungwa pale, ikaingia majini 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Ilijengwa kubeba watu na mizigo na Vita ya Kwanza ya Dunia ikaikuta inaungwa, ikafungwa mzinga uliotolewa kwenye manowari Königsberg iliyokufa Rufiji. Baadae mizinga ikahitajika nchi kavu ikatolewa, wakaweka ya mbao. Ya mbao kabisa, na bado Waingereza walipoiona kwa mbali hawakuisogelea. Meli ya mizigo inasimama bandarini na mti umechongwa kama mzinga na adui anageuka. Hiyo ina nguvu kuliko manowari tatu kukimbia.

Julai 1916 Wajerumani walipokuwa wanaondoka waliizamisha wenyewe, lakini mafundi wake kabla ya kuizamisha walizipaka injini grisi nene kila mahali. Mimi nimekaa chumba cha injini najua walikuwa wanafanya nini. Mtu anayezamisha meli ili isitumike na adui hahitaji kupaka grisi. Wale walikuwa wanaitunza. Waingereza waliiinua 1924, injini zikafaa, 1927 ikarudi kazini kama Liemba, na miaka mingi baada ya hapo imebeba watu na dagaa na mahindi mpaka Mpulungu.

Kwaiyo ombi langu kwa mwandishi, kupitia kwako Mhariri. Nahodha tumeshampata, wale mafundi wa bandari ya angani hatujawapata, hawana hata majina. Awarudie. Hata kama meli zimeshatoka anaweza kurudi nyuma sehemu moja kuonyesha ule usiku, au bora zaidi usiku tano, walivyokata, walivyokosea, walivyokata tena. Na vita ikiisha meli mojawapo ikirudi, atuonyeshe inavyofunguliwa mizinga, matundu yanavyozibwa, na mzigo wa kwanza unavyoingizwa. Mtu wa kushika tochi ya kuchomelea kwenye kazi hiyo awe yuleyule aliyeifunga.

Msomaji wenu,
Fundi bodi, Uyole, Mbeya